Kosa ni Uongo: Namna Marekani Inavyoihukumu Biashara

Asubuhi ya Jumapili, Machi 10, 2019, ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Dakika sita baadaye ilikuwa imejichimbia shambani karibu na mji wa Bishoftu. Watu wote 157 waliokuwamo walikufa, na Wakenya ndio waliokuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Chini ya miezi mitano kabla yake, ndege ya aina ileile, Boeing 737 MAX, ilikuwa imeanguka baharini Indonesia na watu 189. Ukijumlisha ni roho 346. Katika ajali zote mbili iligundulika kwamba programu moja ya kompyuta, MCAS, ilikuwa ikiisukuma pua ya ndege chini kwa kutegemea kipimo kimoja ambacho hakikuwa kikisoma sawasawa. Ndege hizo zilipoanza kuuzwa, vitabu vya marubani havikuwaeleza jinsi programu hiyo inavyofanya kazi.

Januari 2021 Wizara ya Sheria ya Marekani iliifungulia Boeing shtaka la jinai. Hati ya mashtaka inafaa kusomwa polepole. Haisemi kwamba kampuni iliua. Haisemi hata kwamba iliunda ndege mbovu. Inasema ilikula njama ya kuilaghai serikali ya Marekani, kwa kuwa wafanyakazi wake wawili waliwaficha maofisa wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ukweli kuhusu MCAS wakati maofisa hao wanaamua marubani wafunzwe nini. Katika dola bilioni 2.5 ambazo Boeing ilikubali kulipa, bilioni 1.77 zilikwenda kwa mashirika yaliyonunua ndege hizo, milioni 500 kwa familia za marehemu, na faini yenyewe ilikuwa milioni 243.6.

Kisheria, basi, aliyekosewa alikuwa ofisa wa serikali aliyedanganywa. Abiria hawakuwamo katika hesabu. Familia zililazimika kwenda mahakamani Texas kuomba zitambuliwe kwamba nazo zilitendewa kosa, na jaji akakubaliana nazo Oktoba 2022, karibu miaka miwili baada ya mapatano kutiwa saini bila wao kuulizwa neno.

Nimeanza na kesi hiyo kwa sababu ina ufunguo ndani yake. Sisi tukisikia kampuni kubwa imefikishwa mahakamani, tunauliza: imemdhuru nani? Mwendesha mashtaka wa Marekani, hasa yule wa serikali kuu, huanza na swali jingine: imemdanganya nani? Maswali haya mawili mara nyingi huenda pamoja, lakini si mara zote. Yanapoachana hubaki pengo, na ndani ya pengo hilo ndimo yanamokaa mambo ambayo vyuo vya biashara vya kule huyafundisha kwa jina la maadili: yale ambayo sheria haiyagusi, ila muungwana hawezi kuyafanya kisha akalala usingizi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa zamani. Mwaka 1937 kampuni ya dawa ya S.E. Massengill, ya mji wa Bristol katika jimbo la Tennessee, ilitaka kuuza sulfanilamide, dawa ya kuua bakteria iliyokuwa ikisifiwa sana siku hizo, ikiwa ya maji badala ya vidonge. Mkemia wa kampuni aligundua kwamba unga wa dawa unayeyuka vizuri ndani ya kimiminika kitamu kiitwacho diethylene glycol. Akatia ladha ya tunda, chupa zikasafirishwa. Hakuna aliyepima kama kimiminika hicho ni sumu, na hapakuwa na sheria iliyomtaka mtu apime. Watu zaidi ya 100 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Serikali ilipotafuta kifungu cha kuishtaki kampuni, ilikipata kwenye lebo. Dawa ilikuwa imeitwa "elixir", neno ambalo kwa wafamasia lilimaanisha dawa iliyoyeyushwa katika alkoholi, na humo hamkuwa na alkoholi hata tone. Kwa jina hilo lisilo la kweli serikali ikapata uwezo wa kuzikamata chupa na kuitoza kampuni faini ya dola 26,100. Kama lebo ingesema "mchanganyiko" tu, maiti wangekuwa walewale na kosa lisingekuwapo.

Mwenye kampuni alitamka hadharani kwamba haoni kama wao wanabeba lawama yoyote. Kwa sheria ya siku ile, alikuwa karibu kabisa na ukweli. Mkemia wake alijiua. Mwaka uliofuata, 1938, ikapitishwa sheria ya kumtaka kila mwenye dawa mpya athibitishe usalama wake kabla ya kuiuza.

Kwa nini mambo yawe hivyo? Sababu ya kwanza imo katika muundo wa nchi yenyewe. Kuua, kujeruhi na kuiba kwa kawaida ni makosa ya jimbo. Serikali kuu ya Washington haikupewa mamlaka ya jumla ya kumlinda raia dhidi ya kila dhara. Ilipewa vitu kwa majina: posta, biashara kati ya majimbo, kodi, forodha. Lakini ni Washington ndiyo yenye wapelelezi na fedha za kupambana na kampuni kubwa. Kwa hiyo waendesha mashtaka wake wamezoea kuingilia mlango wa posta. Tangu 1872 ni kosa la serikali kuu kutumia barua kumlaghai mtu. Mwaka 1952 sheria kama hiyo ikatungwa kwa mawasiliano ya waya na redio, na leo barua pepe moja iliyovuka mpaka wa jimbo inatosha. Adhabu inafika miaka 20 jela kwa kila kosa.

Sababu ya pili ni ya kiutendaji, na yeyote aliyewahi kufanya kazi katika ofisi kubwa ataielewa. Dhara ndani ya kampuni lina mikono mingi. Mhandisi alichora, meneja alipunguza bajeti, mkaguzi alipitisha, mkurugenzi hakuuliza. Nani kati yao alikusudia mtu afe? Hakuna, na sheria ya jinai kwa kawaida hutaka nia. Uongo ni kitu kingine kabisa: una tarehe, una saini, una aliyeuandika na aliyeandikiwa.

Sababu ya tatu ni falsafa, na hiyo ilichaguliwa kwa makusudi. Kabla ya soko la hisa kuporomoka mwaka 1929, baadhi ya majimbo, Kansas ikiwa ya kwanza mwaka 1911, yalikuwa yamempa ofisa wa serikali uwezo wa kukataa hisa zisiuzwe akiona biashara yenyewe haina mbele wala nyuma. Rais Roosevelt na Kongresi walipotunga sheria ya uuzaji wa hisa ya 1933 waliikataa njia hiyo. Serikali kuu haitasema biashara ipi ni nzuri. Itamlazimisha muuzaji aseme ukweli wote, kisha mnunuzi ajiamulie. Roosevelt aliwaambia wabunge kwamba kwenye ile kanuni ya kale ya mnunuzi kujihadhari, sasa inaongezwa nyingine: muuzaji naye ajihadhari. Mwanasheria Louis Brandeis alikuwa ameshaandika miaka 20 nyuma kwamba mwanga wa jua ndio dawa bora ya kuua vijidudu. Sisi tuna msemo kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sheria ya 1933 haimkatazi mtu kukitembeza kibaya, mradi kwenye karatasi ameandika kwamba ni kibaya. Ndiyo maana nyaraka za kampuni zinazouza hisa New York zina kurasa nyingi za kueleza hatari zote zinazoweza kuipata biashara, hata zile za kuchekesha. Yule mwanasheria anayeziandika hafanyi hivyo kwa kukutakia mema wewe mnunuzi. Anajenga ukuta ili kesho asiambiwe alificha.

Mahali ambapo fikra hii ya uongo inafika mwisho wake wa ajabu ni katika biashara ya hisa kwa siri za ndani. Wengi hudhani Marekani ina sheria iliyoandikwa waziwazi: mwenye siri asinunue. Haina. Kilichopo ni kifungu cha jumla cha 1934 kinachokataza udanganyifu katika ununuzi na uuzaji wa hisa, pamoja na kanuni iliyotungwa chini yake mwaka 1942. Yaliyobaki ni kazi ya majaji, kesi baada ya kesi.

Mtu mmoja aliyeitwa Vincent Chiarella alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji New York katikati ya miaka ya 1970. Kampuni iliyotaka kuinunua nyingine ilileta nyaraka zichapwe, na majina yaliachwa wazi au kubadilishwa hadi usiku wa mwisho. Chiarella alikuwa na akili nyepesi. Alisoma maelezo mengine, akakisia kampuni inayolengwa, akanunua hisa zake kabla ya tangazo. Katika miezi 14 alipata zaidi kidogo ya dola 30,000. Alihukumiwa, lakini mwaka 1980 Mahakama ya Juu ikaifuta hukumu. Hoja yake: watu waliomuuzia hisa hawakumjua wala hawakumwamini kwa lolote, hivyo hakuwa na wajibu wa kuwaambia chochote, na asiye na wajibu wa kusema hawezi kudanganya kwa kunyamaza.

Miaka 17 baadaye alifika mbele ya mahakama hiyohiyo wakili wa Minneapolis, James O'Hagan. Ofisi yake ilikuwa ikimtumikia mteja aliyetaka kuinunua kampuni ya vyakula ya Pillsbury. O'Hagan alinunua hisa za Pillsbury na haki za kuzinunua baadaye kwa bei iliyopangwa, na kupata faida ya zaidi ya dola milioni 4.3. Yeye naye hakuwa na uhusiano wowote na waliomuuzia. Safari hii, mwaka 1997, mahakama ilisema ana hatia, kwa sababu aliwadanganya waliompa siri: ofisi yake na mteja wake waliamini anaitunza, kumbe anaitumia. Kisha ikaongeza jambo linalowashangaza wanafunzi wa sheria hadi leo. Kama angeliwaambia wazi kwamba anakwenda kununua, uongo usingekuwapo, na kosa hilo lisingekuwapo pia. Angeweza kufukuzwa kazi, angeweza kushtakiwa kwa mengine, lakini si kwa hilo. Ulaya hawahangaiki hivyo. Kwao kuwa na siri na kuitumia kunatosha kuwa kosa, kwa kuwa wanaangalia usawa wa soko. Wamarekani wanaangalia nani kamdanganya nani.

Ukiwa na ufunguo huo mkononi, kesi zilizowafanya watu watikise vichwa zinaanza kueleweka. Martha Stewart, mwanamke aliyejenga jina kwa mambo ya upishi na mapambo ya nyumba, aliuza hisa zake za kampuni ya dawa ya ImClone mwishoni mwa 2001 na kuepuka hasara ya kama dola 45,000. Alikwenda jela miezi mitano, na hadi leo watu husema alifungwa kwa siri za ndani. Hakushtakiwa kwa jinai hiyo kamwe. Alitiwa hatiani mwaka 2004 kwa kuwaongopea wapelelezi waliomuuliza kwa nini aliuza. Elizabeth Holmes wa kampuni ya Theranos alidai ana mashine ya kupima magonjwa mengi kwa matone machache ya damu, na watu wakapewa majibu yasiyo sahihi. Januari 2022 jopo la wananchi lilimtia hatiani kwa makosa manne, yote ya kuwalaghai wawekezaji. Kwa mashtaka yaliyohusu wagonjwa hakutiwa hatiani hata kwa moja. Akapewa zaidi ya miaka 11.

Na yupo Martin Shkreli. Mwaka 2015 kampuni yake ilinunua haki ya kuuza Daraprim na kupandisha bei ya kidonge kimoja kutoka dola 13.50 hadi 750. Dawa iliyomo humo ni pyrimethamine, ileile ambayo ni nusu ya vidonge vya SP wanavyopewa wajawazito kliniki zetu kuzuia malaria; Marekani huitumia hasa kwa maambukizi yanayowashambulia watu wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU. Nchi nzima ilimlaani. Lakini kupandisha bei, peke yake, hakukuwa kosa. Alikamatwa Desemba mwaka huohuo, wengi wakashangilia kwamba haki imetendeka, kumbe mashtaka yalikuwa ya jambo jingine: miaka ya nyuma aliwadanganya wawekezaji wa mifuko yake kuhusu fedha zao. Alifungwa miaka saba kwa hilo. Kuhusu dawa yenyewe, mahakama ilimfikia Januari 2022 kwa kesi ya madai: alipigwa marufuku ya maisha kwenye biashara ya dawa na kuamriwa arudishe dola milioni 64.6, kwa sababu aliwazuia washindani wasitengeneze dawa mbadala. Bei ya 750, hata hapo, haikuwa kosa lenyewe.

Nisieleweke kwamba Marekani haina sheria za kuzuia madhara. Inazo, nyingi: za usalama kazini, za hewa na maji, za kima cha chini cha mshahara, za kukataza ubaguzi katika ajira tangu 1964, za kuvunja ukiritimba tangu 1890. Sehemu kubwa ya hizo huishia kwenye faini na amri za kurekebisha. Na kazi kubwa ya kuwalipa walioumia imeachiwa kesi za madai, ambako mtu binafsi anamshtaki aliyemuumiza na jopo la wananchi wa kawaida linapanga fidia. Huko ndiko kampuni za Marekani zinakoogopa kweli. Mwaka 1978 jopo la California liliitaka Ford imlipe kijana aliyeungua katika gari la Pinto fidia ya adhabu ya dola milioni 125. Jaji akaipunguza hadi milioni 3.5. Mwaka huohuo wasichana watatu walikufa kwa moto ndani ya Pinto huko Indiana, na mwendesha mashtaka wa kaunti akafanya kitu ambacho kampuni ya magari haikuwahi kufanyiwa: akaishtaki Ford kwa kuua. Machi 1980 Ford iliachiwa huru. Kama ingepatikana na hatia, faini ya juu kabisa ingekuwa dola 30,000.

California ilifanikiwa zaidi miaka 40 baadaye. Nyaya chakavu za kampuni ya umeme ya PG&E zilikuwa zimewasha moto ulioteketeza mji wa Paradise Novemba 2018. Juni 2020 mkurugenzi mtendaji wa kampuni alisimama mahakamani, jaji akawa anataja jina la marehemu mmoja mmoja huku picha yake ikionyeshwa ukutani, na kila jina mkurugenzi akajibu kwamba kampuni ina hatia. Mara 84. Faini ilikuwa kama dola milioni 3.5, ya juu kabisa inayoruhusiwa. Hakuna aliyefungwa, maana kampuni haina mwili wa kutia jela.

Kuna sehemu moja ambako sheria ya serikali kuu haiulizi uongo wala nia: chakula na dawa. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ilithibitisha hukumu dhidi ya rais wa kampuni ya maduka ya Acme kwa sababu ya panya waliokuwa wanajifaidi katika ghala lake la Baltimore. Yeye alikaa Philadelphia, alikuwa na wafanyakazi 36,000, na alikuwa amewaagiza wa chini yake washughulikie. Haikusaidia. Aliye na uwezo wa kuzuia na asizuie, ana hatia. Adhabu ilikuwa dola 250 kwa jumla, lakini wakurugenzi wa kampuni za vyakula wanalikumbuka jina la kesi hiyo kuliko la bibi zao.

Hapa huja utetezi ambao utausikia kila mara: mkurugenzi anasema moyo wake ungependa kutenda wema, ila sheria inamlazimisha awatafutie wanahisa faida kubwa iwezekanavyo. Hutajwa kesi ya 1919, ambapo Henry Ford alizuia gawio akitaka kujenga kiwanda na kushusha bei ya magari, ndugu wawili wa familia ya Dodge wakamshtaki, na Mahakama ya Juu ya Michigan ikamwamuru atoe gawio la zaidi ya dola milioni 19. Hutajwa pia mwanauchumi Milton Friedman, aliyeandika mwaka 1970 kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida. Wanaomtaja huacha nusu ya sentensi yake: kwa kufuata kanuni za msingi za jamii, za sheria na zile za desturi ya maadili. Na kwa Ford, mahakama hiyohiyo ilikataa kumzuia asijenge kiwanda chake, ikisema majaji si wataalamu wa biashara. Msimamo huo wa pili ndio ulioshinda kwa vitendo. Mkurugenzi asiyejinufaisha mwenyewe na aliyefikiri kabla ya kuamua, majaji wa Delaware, jimbo ambako kampuni kubwa nyingi zimesajiliwa, hawamgusi. Akipandisha mishahara, akisafisha mto, akikataa mteja mchafu, anaweza kila mara kusema ni kwa faida ya muda mrefu. Anayesema sheria imemfunga mikono, mara nyingi ameifunga mwenyewe.

Turudi kwenye maadili yaliyoandikwa kwenye karatasi. Kila aliyeajiriwa na kampuni ya Kimarekani, awe Houston au Upanga, amewahi kuletewa kijitabu cha kanuni za maadili asaini na kozi ya mtandaoni yenye maswali ambayo hata mtoto angepata yote. Vitabu hivyo viliongezeka kwa sababu inayohesabika. Mwaka 1991 ulianza kutumika mwongozo wa adhabu kwa kampuni unaomwambia jaji azidishe faini ya msingi kwa namba kuanzia 0.05 hadi 4, kutegemea tabia ya kampuni. Kuwa na mpango wa kweli wa kuzuia makosa ni miongoni mwa vinavyoshusha namba hiyo. Kati ya pande hizo mbili faini inaweza kutofautiana mara 80. Kampuni yoyote ingenunua kijitabu.

Enron, kampuni ya nishati ya Houston, ilikuwa na chake, kurasa zaidi ya 60, na dibaji ya Julai 2000 iliyosainiwa na mwenyekiti Kenneth Lay. Kiliheshimu uadilifu, kilikataza ofisa kufanya biashara na kampuni yake mwenyewe. Mwaka 1999 mkuu wa fedha, Andrew Fastow, alitaka kuongoza mifuko ambayo ingefanya biashara na Enron yenyewe, yaani akae pande zote mbili za meza. Kanuni ilimkataza, basi bodi ikakaa kikao na kumwondolea kanuni. Hakuna aliyeiba kitabu usiku. Wazee wenye suti walipiga kura mchana kweupe. Mifuko ile ikatumika kuficha madeni, na Desemba 2, 2001 Enron ikafilisika.

Kongresi ilijibu na sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002, na hapo fikra ya 1933 ikarudi na nguo mpya. Mkurugenzi mtendaji na mkuu wa fedha sasa husaini wenyewe kwamba hesabu ni za kweli. Akisaini uongo kwa kukusudia, miaka 20. Na kuhusu kanuni za maadili, je, sheria ililazimisha kampuni iwe nazo? Hapana. Ilisema kampuni itangaze kama wakubwa wa fedha wanazo, kama hawana ieleze kwa nini, na ikimwondolea mmoja wao kanuni iitangazie dunia. Hata baada ya Enron, kumruhusu Fastow mwingine si kosa. Kosa ni kunyamaza.

Enron iliacha urithi mwingine. Mkaguzi wake wa hesabu, Arthur Andersen, alitiwa hatiani mwaka 2002 kwa kuharibu nyaraka, na kampuni hiyo kongwe ikasambaratika. Marekani peke yake ilikuwa na wafanyakazi wapatao 28,000. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ikafuta hukumu kwa kura zote tisa, lakini hapakuwa tena na kampuni ya kuirudishia heshima. Tangu hapo waendesha mashtaka wanaogopa kuua kampuni, wanapenda mapatano ya kuahirisha mashtaka: lipa, kiri yaliyotokea, jirekebishe kwa miaka kadhaa, shtaka litafutwa. Boeing ilipewa mapatano hayo. Mwaka 2024 wizara ikasema kampuni imeyavunja, Boeing ikakubali kukiri kosa, jaji akaukataa mpango huo. Mwaka 2025 yakafikiwa mapatano mengine ya zaidi ya dola bilioni 1.1, na Novemba jaji akaifuta kesi, akisema haoni kama jambo hilo ni kwa faida ya umma ila hana uwezo wa kulizuia. Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kushtakiwa, rubani wa zamani wa kampuni, na jopo la Texas lilimwachia huru Machi 2022.

Mkono wa sheria hizi umefika huku kwetu pia, kwa sura ileile. Mwaka 1977, baada ya kampuni zaidi ya 400 kukiri malipo ya kutiliwa shaka yaliyozidi dola milioni 300, Kongresi ilikataza kuwahonga maofisa wa nchi za nje. Sheria hiyo ina miguu miwili: mmoja unakataza rushwa, mwingine unataka vitabu vya hesabu viseme kweli. Mguu wa pili ndio unaotembea zaidi. Februari 2015 Goodyear ililipa zaidi ya dola milioni 16 kumaliza madai, bila kukiri wala kukana, kwamba kampuni tanzu zake za Kenya na Angola zilitoa hongo ya zaidi ya dola milioni 3.2 ili kuuza matairi. Madai ya tume ya masoko ya hisa hayakusimama juu ya hongo yenyewe. Yalisimama juu ya vitabu: kule Kenya, fedha zilizotolewa taslimu ziliandikwa kuwa ni za bidhaa za matangazo. Wakati mmoja, Februari 2025, Rais Trump hata alisimamisha utekelezaji wa sheria hii, na ulipoanza tena miezi michache baadaye ulikuwa na mwongozo mpya unaoweka mbele maslahi ya kampuni za Kimarekani.

Lakini mahali ambapo watu wanaozungumza Kiswahili waliguswa zaidi ni mashariki ya Kongo. Julai 2010 Kongresi ilitunga kifungu kuhusu madini ya bati, koltani, tangsteni na dhahabu kutoka Kongo na nchi tisa zinazopakana nayo, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwamo. Kampuni za Marekani hazikukatazwa kuyanunua hata kama yamewatajirisha wenye bunduki. Zilitakiwa zichunguze na zitangaze. Wachimbaji wa Kivu waliiita "Loi Obama", Sheria ya Obama, na kwao haikuwa ya maneno: wanunuzi wengi waliona ni rahisi kukwepa eneo zima kuliko kuuliza gunia hili limetoka shimo gani, na kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011 Rais Kabila akasimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema. Baadaye zikaja lebo za plastiki za kufungwa kwenye magunia.

Kisha chama cha wenye viwanda cha Marekani kikaishtaki tume ile ya masoko ya hisa, inayosimamia kifungu hicho. Kulazimishwa kuandika kwamba bidhaa zako hazijathibitika kuwa "huru na mgogoro wa Kongo", walisema, ni kulazimishwa kumwambia mteja kwamba una damu mikononi, na katiba inailinda kampuni isitamkishwe maneno ambayo si yake. Aprili 2014 mahakama ya rufaa ya Washington ilikubaliana nao, na mwaka uliofuata ikarudia uamuzi huohuo. Maneno yale yakaondolewa, ripoti zikabaki. Huwasilishwa kila mwaka ifikapo mwisho wa Mei, na nyingi husema kampuni imewauliza wauzaji wake, nao wamewauliza wa kwao, na haikuweza kubaini madini yalitoka nchi gani. Ikishaandikwa hivyo, na ikiwa ni kweli haikuweza, hakuna kosa.